Mlango Niliomlindia Dada

Dada yangu anasomea unesi. Sisi wawili hatufanani. Yeye akiingia mahali watu wanacheka. Mimi nikisalimiwa natazama vidole vya miguu yangu. Kijijini walishasema zamani kwamba huyu ndiye nesi, kwa sababu hajui kumkatalia mtu.

Mwaka jana alikuja likizo akitokea mazoezi ya wodini. Majirani wakaanza kuja kabla hajafungua begi: huyu na mkungu wa ndizi na kidonda cha mguu, yule na mtoto anayekohoa. Aliwaona wote. Asubuhi iliyofuata nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa juu ya kuni, anatazama ukuta.

"Mdogo wangu, nimeisha," alisema. "Nikisikia mtu anasema naumwa, natamani kukimbia. Waambie nimelala. Na mama asijue."

Kwetu mgeni harudishwi mlangoni. Anaingia, anakaa, anapewa punje za kahawa kavu za kutafuna. Lakini angeingia angemwona dada. Basi alipokuja mzee jirani, mimi nisiyejua kusema nikasimama mlangoni, nikasema.

"Shikamoo babu. Dada amelala."

"Marahaba. Jua lote hili? Nesi gani analala kama paka?"

"Amelala, babu."

Aliondoka na fimbo yake, bila kahawa. Waliomfuata niliwarudisha vilevile, nikitazama vidole vya miguu yangu.

Jumapili watu walimsubiri mama nje ya kanisa. Alirudi amewaka.

"Nani anafukuza wazee mlangoni kwangu? Hata punje moja ya kahawa hakuwapa?"

Nilimtazama dada. Nikangoja. Neno moja lingetosha.

"Mimi nilikuwa ndani, mama," alisema kwa ile sauti yake tamu. "Ningewaona wote. Si unamjua huyu, hapendi watu."

Mama aliamini. Nani asingeamini?

Kesho yake alibisha hodi mama mmoja, mtoto mgongoni. Dada alinitazama, akatikisa kichwa taratibu: amelala. Alidhani bado niko upande wake.

Nikafungua mlango wote. "Karibu ndani, mama. Dada yupo." Nikamwekea kahawa.

Dada alitoka akitabasamu, wakaanza kucheka. Alipogusa paji la uso la mtoto, alikuwa anatazama ukuta. Niliona mimi peke yangu. Nikachukua jembe, nikaenda migombani.