Siku Niliyompoteza Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kukiri kwamba niliogopa, lakini siku ile niliogopa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiangazi, juu ya milima ya Gwassi, na mke wangu alikuwa amenituma kitu kimoja tu: nimletee mama yake.

Tulikuwa tukiishi Sori, mimi nikiuza mitumba, yeye akiwa na mimba ya miezi minane na nusu. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, na sasa alikuwa hali, halali, neno lake ni lile lile: "Nataka mama." Mama yake alikaa ng'ambo ya milima, upande wa Homa Bay. Gari la kuzunguka lilikuwa bovu tangu Jumapili. Nikasema, kwani miguu ni ya nini?

Mjue kwamba mimi ni Mkuria wa Ntimaru, na mke wangu ni Mjaluo. Hata kwetu mama mkwe huheshimiwa, lakini marafiki zangu wa Sori walinitia hofu zaidi: usimtazame usoni, usimpe mkono, usile mbele yake. Tena wajomba wa mke wangu walikuwa wakisema Mkuria hana adabu. Nami ni mtu wa kichwa kigumu. Niliapa nitawaonyesha adabu mpaka washibe.

Basi nilivuka milima nikiwafuata wachuuzi, bila kukariri njia, na kesho yake asubuhi na mapema tulitoka kwa mama hivi: mimi mbele na mzigo wake begani, yeye nyuma, hatua kama hamsini. Sikugeuka hata mara moja. Maji yalikuwa lita tano kwenye jerikeni. Ukifika wakati wa yeye kunywa, naiweka juu ya jiwe, nasogea mbele na kumpa mgongo. Akimaliza anakohoa na kujitenga kando, akiangalia kwingine, nami narudi kinyumenyume kuichukua. Kikohozi kilikuwa na maana moja: tayari, endelea. Hatukuwa tumesemezana neno, na mimi nilijiona bingwa.

Kwenye mawe mawili makubwa njia iligawanyika. Nikashika ya kushoto kwa sababu ilikuwa pana. Akakohoa. Nikasema moyoni, sawa mama, naenda. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nikaongeza mwendo, nikidhani nimemkaribia mno. Cha tatu nilikisikia kwa mbali, nikafurahi kwamba nimeacha nafasi ya kutosha.

Ziwa lilitakiwa liwe mkono wangu wa kulia. Saa tano nikatazama, hakuna ziwa. Ni vilima vya mawe na miiba tu, na kila nikimaliza kupanda kimoja naona kingine. Ile njia pana kumbe ilikuwa ya ng'ombe. Ikajigawa, ikajigawa tena, ikaishia kwenye majani makavu. Jua lilikuwa linachoma, hata jiwe hulikalii. Maji yalibaki mafunda machache. Nikaiweka jerikeni, nikasogea, nikampa mgongo, nikasubiri kikohozi.

Kimya.

Nikakohoa mimi. Kimya. Nikaita, "Mama?" Sauti ilitoka nyembamba mpaka nikajionea haya. Jamani, niliganda pale nikiwa bado nimegeuza mgongo! Nikamwona mke wangu akilini, amesimama mlangoni, akiangalia nyuma yangu kutafuta mama yake yuko wapi. Nikageuka. Njia ilikuwa tupu.

Nilikamata jerikeni nikakimbia kurudi, nikipiga kelele kama mwendawazimu. Nilijikwaa, nikachubuka goti, sikusikia maumivu yoyote. Nilichosikia ni moyo wangu tu. Kitu cha kwanza kuona kilikuwa ndala yake moja ya buluu, peke yake, katikati ya njia. Nilijua nimemuua.

Alikuwa mbele kidogo, ameegemea jiwe, leso amejifunika uso. Leso ilikuwa ikipanda na kushuka pale mdomoni. Anapumua! Hata hapo niligeukia kichaka na kusema na kichaka.

"Mama, tumepotea."

"Najua," akasema, sauti imekauka. "Tulipotea kwenye mawe mawili."

"Na hukuniambia?"

"Nilikohoa. Mara tatu. Nikajiuliza, huyu ni kiziwi? Sasa ulitaka nimpigie mkwe wangu kelele njiani?"

Ai! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka kujipiga makofi. Nikampa maji yaliyobaki, mkononi mwake, si juu ya jiwe. Akajaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Nikachuchumaa mbele yake nikamwambia apande mgongoni.

"Usiniguse! Wewe ni mkwe."

Hapo nikawaka. "Mama, mtoto wako ameshapoteza mmoja. Nikifika bila wewe, huyu naye je? Nikamwambie nini, kwamba heshima ndiyo ilikuua?"

Kisha akakaza leso usoni, akapanda. Alikuwa mwepesi mno, na wepesi ule ulinitisha kuliko jua.

Tukarudi tulikotoka, yeye akiinua ncha ya leso kuchungulia njia. "Kulia. Kulia, wewe! Shuka korongoni." Kila aliponyamaza hofu ilinirudia upya, nami nikasema, "Mama, kohoa." Akakohoa. Korongoni tulikuta shimo ambalo wachungaji walichimba mchangani, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Tulikunywa pamoja, kwa viganja, bega kwa bega. Tulipofika tena kwenye mawe mawili tukashika ile njia nyembamba, na baada ya kilima kimoja ziwa likatokea mkono wa kulia.

Jioni, kabla ya nyumba za kwanza za Sori, alinigonga begani. Nikamshusha. Akajifunga leso vizuri, akanihimiza kwa ishara ya mkono niende mbele, hatua hamsini.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Akamshika mama yake mikono yote miwili, akamuuliza safari ilikuwaje.

"Amenileta vizuri," mama akasema. "Hata uso wake sijauona."

Mke wangu alinitazama kwa fahari ambayo sikuwahi kuiona kwake. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa chini. Ndani nikamsikia mama akikohoa, mara moja. Niliruka, nikashika kata, nikakimbilia mtungi wa maji.