Waliponiamkia Kwenye Usaili

Siku yangu ya kwanza kazini niliamkia watu hadi koo likakauka. Nilikuwa kijana mwembamba niliyeshuka kutoka milima ya Uluguru na cheti cha ufundi, na jengo la mitambo ya simu pale Morogoro mjini lilikuwa limejaa wanaume wa rika la baba yangu. Shikamoo, shikamoo, shikamoo, mpaka nikafika kwa Msimamizi wa Mitambo, mtu mfupi mwenye sauti nzito, aliyekuwa ameinamia betri za mtambo.

"Marahaba," akasema bila kunitazama. "Sasa vua saa."

Nikasita. Saa yenyewe nilikuwa nimeiazima kwa mjomba ili nionekane mtu wa ofisini.

"Vua, nimesema. Chuma kikigusa huku na huku, hizi betri zitakuunguza mkono mpaka mfupa. Na kama una pete, toa. Mkeo atakusamehe."

Ndivyo nilivyoanza. Kwa nyinyi ambao hamkuwahi kutumia simu ya waya, kila nyumba yenye simu ilikuwa na jozi yake ya nyaya za shaba, iliyosafiri nguzo kwa nguzo hadi kwenye jengo letu na kuishia kwenye fremu kuu. Fremu ni ukuta wa chuma wenye vibano: upande mmoja zinaingia nyaya za mji, upande wa pili nyaya za mtambo, na fundi anaziunganisha. Ukikosea jozi, anayempigia daktari anapokelewa na muuza nyama. Msimamizi alinifokea karibu kila siku ya mwaka ule wa kwanza. Aling'oa kazi yangu mbele ya wenzangu, akaniambia nirudie, akang'oa tena. Nilimchukia sana, na kila nilichokijua baadaye kilitoka kwake.

Wakati ule mtu alivyozidi kukaa kazini ndivyo alivyozidi kupewa kazi ngumu. Msimamizi alikuwa amebakiza kidogo astaafu, na bado ndiye aliyepanda mnara pale sisi vijana tulipotazamana. Sikuwahi kumsikia mtu akimwambia apumzike. Nadhani angemrushia koleo.

Baadaye nikahamishiwa milimani, kwenye kituo cha kupokelea na kurushia mawimbi. Wengine waliona nimepewa adhabu kwa sababu ya baridi na ukungu, lakini mimi nilikuwa kwetu. Asubuhi kinamama waliteremka na matenga ya kabichi na karoti kwenda sokoni, wakatusalimia tukiwa juu ya mnara. Huko nilijifunza kulenga. Kulenga ni kugeuza kisahani cha mawimbi kidogo kidogo hadi kionane na mwenzake wa mbali, ambaye humwoni kwa macho. Mhandisi wa Mkoa, aliyekuwa bosi wetu, alipanda siku moja akanikuta natukana nati.

"Shuka," akasema. "Kanywe chai. Ukikasirika unakaza kupita kiasi, na kisahani kinahama."

Nikashuka, nikanywa chai, nikapanda tena na kisahani kikakamata.

Kutoka hapo nikapelekwa Dakawa, kuweka mawasiliano kwenye mashamba ya mpunga, ambako mbu walinifanya niikumbuke baridi ya kwetu. Kisha simu za mkononi zikaja, nyaya za shaba zikaanza kuibwa na kuuzwa vyuma chakavu, na fremu yangu ikanyamaza. Wengi walisema tumekwisha. Mimi nikaenda kusoma upya. Nilijifunza kuunga mkongo, ule uzi wa kioo unaopitisha mwanga, mwembamba kama unywele, nikiwa nimeshaanza kuvaa miwani. Aliyenifundisha alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye hereni, na alinifokea sawasawa na Msimamizi. "Brother, umeushika vibaya, futa, anza upya!" Tulipofikisha mkongo Mzumbe na wanafunzi wa chuo kikuu wakaanza kulalamika kwamba intaneti iko taratibu, nikajua kazi imekamilika, maana hakuna anayelalamikia kitu ambacho hakipo.

Nayaeleza haya ili msije mkasema nilikataa kubadilika. Kila kilichokuja nilijifunza.

Halafu kampuni ikauzwa. Wenye mali wapya wakafuta ajira za kudumu, wote tukawekwa kwenye mikataba ya kuhuishwa, na tukaletewa Mkuu wa Kitengo mpya. Alikuwa kijana safi, msomi kweli, mwenye kazi yake kichwani. Hakuwa amefikia hata umri wangu wa siku niliyokwenda Dakawa. Asubuhi ya kwanza alipita meza zote akisema "mambo" na "vipi", na alipofika kwangu akasimama, akainama kidogo, akaniamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu sana."

Nilifurahi, siwafichi. Nilimwambia mke wangu kwamba safari hii tumepata bosi mwenye malezi.

Mwezi haukuisha, radi ikapiga mnara wetu wa Mlali. Nikachukua mkanda wa usalama, ule wa kujifungia ukiwa juu, nikaelekea kwenye gari. Mkuu wa Kitengo akanifuata mbio.

"Mzee, hapana. Waache vijana wapande. Ukianguka, mama nyumbani tutamwambia nini?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mkanda akavaa mtu mwingine. Baada ya hapo ikawa hivyo kwa kila kitu. Paswedi za seva, yaani mashine kubwa zinazohifadhi na kugawa mawasiliano, zilipobadilishwa, mimi sikupewa mpya: "Tusimsumbue mzee, zinabadilika kila mara." Ulipoletwa mfumo wa kuonyesha hitilafu kwenye kompyuta, waliopelekwa Dar kusomea walikuwa wengine, kwa sababu safari ingemchosha mzee. Nikahamishiwa meza ya dirishani yenye upepo mzuri. Chai ililetwa mezani kwangu kabla ya kila mtu. Na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kuniambia, mzee, hapa umekosea. Wenzangu vijana, Mkuu wa Kitengo alikuwa akiwasema hadi wanatoka wamevimba. Wao walikuwa wakifundishwa kazi.

Siku moja nikaingia ofisini kwake, nikafunga mlango.

"Bosi, nipe kazi."

"Aah, mzee, usiniite bosi. Mimi mwanao."

"Haya, mwanangu, nipe kazi. Nipe hata ya kubeba ngazi."

Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee wangu, wewe ni hazina hapa. Kuwepo kwako tu kunatosha."

Ningemjibu nini? Angenitukana, ningemshtaki. Angeninyima chai, ningegomba. Lakini mtu anayekuheshimu mbele ya watu wote, ukimgombeza unaonekana wewe ndiye huna adabu. Nikarudi dirishani.

Mkataba ulipofika mwisho walipima kila mtu kwa kazi alizofanya. Vijana walikuwa na minara, hitilafu na mafunzo. Mimi sikuwa na kitu. Mkuu wa Kitengo alinieleza haya akitazama viatu vyake, na naapa machozi yalikuwa yanamlenga.

"Mzee, umefanya mengi. Sasa upumzike."

"Nina miaka hamsini na mbili, mwanangu. Nipumzike kwa uchovu gani?"

"Kwenye sekta yetu, mzee..." Hakuimalizia. Wakanifanyia sherehe, pilau ikaliwa, nikavishwa kanga mgongoni kama bibi harusi, nikaenda nyumbani.

Nilitafuta kazi kwingine. Kampuni moja ya intaneti karibu na Msamvu ilikuwa inataka mafundi wa mkongo, wakaniita kwenye usaili. Nilijiandaa. Mke wangu alinipaka kanta, nywele zikawa nyeusi kuliko siku ya harusi yetu. Nikafanya mazoezi ya kujibu maswali, nikaingia.

Ndani walikuwapo watatu, na waliponiona wote wakasimama. Binti aliyekaa katikati, ambaye ndiye mkuu wao, alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nilipoitikia tu, nikaona kazi imekwenda. Mtu uliyemwamkia namna ile huwezi kumkazia macho na kumwuliza kipimo cha upotevu wa mwanga kwenye maungio. Binti alifunua karatasi yake ya maswali, akaitazama, akaigeuza kifudifudi. Akaniuliza nyumbani hawajambo? Mwenzake akauliza mvua huko milimani zimeanza? Nikajibu zimeanza. Nikajaribu kusema mwenyewe habari za mkongo wa Mzumbe, wakatikisa vichwa kwa heshima na kuniambia "kweli kabisa, mzee". Kisha wakanisindikiza hadi mlangoni, kitu ambacho sidhani kama waliwafanyia wengine.

Usaili uliofuata nikasema leo nitawawahi mimi. Niliingia kwa kishindo, nikatabasamu, nikasema, "Mambo vipi jamani?" Kijana mmoja akainamisha uso kwa aibu, aibu yangu mimi, akasema taratibu, "Shikamoo, mzee." Wenzake wakafuatia mmoja mmoja. Sikwenda tena kwenye usaili.

Sasa niko Mlali, nalima mboga. Watu hunipongeza kwa kupumzika, nami huitikia asante kwa kuwa ni rahisi kuliko kueleza. Sijapumzika. Mikono yangu ingali na nguvu na kichwa kinafanya kazi, na kila nikiuona ule mnara inaniuma. Sina wa kumchukia, na hilo ndilo linalonichosha zaidi. Mkuu wa Kitengo hunipigia kila sikukuu. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Ningeweza kuwaambia nyinyi vijana kwamba someni, jiendelezeni, lakini mimi nilisoma, nikajiendeleza, na haikusaidia.

Nina binti anayeandika programu Dar es Salaam, ana miaka thelathini na minne. Juzi alinipigia akicheka. Wameajiri kundi la vijana waliotoka chuo, na tangu walipoingia yeye ndiye mkubwa kuliko wote kwenye timu yao.

"Baba, hebu fikiria! Mmoja amenikuta nachukua maji ya kunywa, kaniamkia. Shikamoo dada! Mimi! Nimecheka hadi basi."

Mimi sikucheka. "Ukaitikia?" nikamwuliza.

Kicheko kikakatika.

"Niliitikia, baba. Ningefanyaje?"