Binti Aliyeacha Kula

Nkandu aliuza vinkubala, wale viwavi wa msituni wanaoliwa pamoja na bukari, ule ugali wa kwao, na pale soko la Kampemba mdomo wake ulikuwa nusu ya biashara. Alitania wateja, alitania waume za wateja. Lakini mvua za mwaka ule alikaa nyuma ya meza kimya. Mteja akiomba kikopo kimoja, anapimiwa viwili. Moyo wake ulibaki nyumbani, kwa Deborah, binti yake wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa ameacha kula.

Bukari ileile aliyokuwa akiigombania, sasa alifinyanga tonge, akalirudisha. Jua linachoma, yeye kavaa pulova. Kuoga, anajifungia. Nkandu alimpeleka kituo cha afya, mtoto akakataa katakata kuvua pulova, wakaishia kupewa dawa ya minyoo. Minyoo gani ya kumfanya mtoto ajifiche? Ndipo hofu nyingine ikamwingia, ile ambayo mama haitamki. Mimba? Mungu wangu, kwa miaka hiyo!

Kumuuliza, je? Hapo ndipo penye mwiba. Kwao, mama hasemi na binti yake mambo ya mwili. Hiyo ni kazi ya tantine, dada ya baba, na mama anayemtangulia anaonekana hana haya. Mwaba, tantine ya Deborah, alikuwa Kilwa, si ile ya pwani bali ya kule ziwani, na barabara ya Kilwa wakati wa mvua, we acha tu! Nkandu akampigia simu.

"Wifi, niko njiani, lori yetu imekwama mu matope," Mwaba akasema. "Usimuambie kitu mutoto, unasikia? Uningojee."

Akangoja. Mtoto anakonda mbele ya macho yake, naye anangoja adabu!

Jumamosi moja watu wa Kasungami, pembeni mwa mji, wakamletea vinkubala wabichi, na Deborah akakaa kumsaidia kuchambua. Waliokwisha kuacha kula majani, wakasinyaa, hawauziki. Nkandu huwatupa chini ya mti nyuma ya nyumba. Deborah akamshika mmoja wa hao, akamtazama sana.

"Huyu pia hakuli tena," akasema. "Atakufa kama mama Kiki."

Mikono ya Nkandu ikasimama. Mama Kiki alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, waliyemzika baada ya Pasaka. Uvimbe ulianza kwenye titi moja, akaunyamazia hadi ukammaliza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na aliyekuwa akimpelekea uji kila siku ni huyuhuyu Deborah.

"Nani alikuambia anakufa? Kuja huku."

Chini ya mti Nkandu akachimba kwa kijiko, akatoa kitu cha kahawia, kigumu kama mbegu, akakiweka kiganjani mwa mtoto. "Huyu nilimutupa hapa ile siku ya mvua kubwa. Shika, ungoje."

Kile kitu kikapata joto la mkono, kikatikisa mkia. Deborah akapiga yowe, lakini hakukitupa.

"Iko muzima!"

"Iko mu kazi. Aliacha kula sababu anageuka. Mvua za mwaka kesho zitamukuta kipepeo."

Deborah akaanza kulia. Akagusa pulova yake, upande mmoja wa kifua. "Mama, na miye iko hapa. Kidonge. Upande moja tu, na inauma. Kama ya mama Kiki."

Aibu ikampanda Nkandu hadi masikioni. Alimwona Mwaba kabisa, matopeni, akimtikisia kidole. Basi na atikise! Maana Nkandu mwenyewe aliwahi kulala kifudifudi, akiwa msichana hivihivi, akilia peke yake kwa sababu ya kidonge kama hicho, na mama yake akageukia sufuria.

"Haiko bugonjwa, mwana wangu. Ni titi njo linaanza. Langu pia lilianza upande moja, wa kushoto. Lingine litafuata."

"Na mama Kiki?"

Hilo hakulitegemea. "Yake ilikuwa bugonjwa kweli. Na alinyamaza. Weye ukiona kitu mu mwili, uniambie miye, siku ileile. Usingoje tantine, usingoje muntu."

"Hautakasirika?"

"Nitakasirika ukinyamaza."

Wakakirudisha kile kitu udongoni. Nkandu akasonga bukari, akakaanga vinkubala na nyanya, akakaa kumtazama. Deborah akala tonge la kwanza, akala la pili, akalamba vidole. Kisha akatazama mkono wa mama yake, mkavu bila chembe ya bukari, na kanga yake ambayo sasa ilimzunguka kiuno mara mbili kwa alivyokonda. Akasogeza sahani katikati.

"Mama, weye pia uliacha kula."

Nkandu akafungua mdomo atoe utani, kama sokoni, akatoa kilio. Simu ikaita, jina la Mwaba likawaka. Akaiacha iite, akanawa mikono, akamega tonge.