Breki ya Pili ya Mama Vioo

Mama Vioo hakuzaliwa na jina hilo, wala hana mtoto anayeitwa Vioo. Wanafunzi wake wa udereva ndio waliombandika, kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa naye kwenye gari la shule bila kuambiwa: vioo. Unataka kuondoka, vioo. Unataka kusimama, vioo. Unataka kupiga chafya, basi tazama vioo kwanza halafu ndiyo uipige. Amefundisha nusu ya mji kuendesha, na nusu hiyo ikimwona barabarani mpaka leo inakaa wima na kushika usukani kwa mikono miwili.

Gari la shule lina breki mbili: ya mwanafunzi, na ya pili iliyo chini ya mguu wa mwalimu. Mguu wa kulia wa Mama Vioo umeishi juu ya breki hiyo tangu alipokuwa msichana, na sasa anaitwa bibi. Anayelijua jambo hili kuliko wote ni mumewe, kwa kuwa ni fundi viatu, na soli ya kulia ndiyo anayoibadilisha kila mara. Yangeishia kwenye soli, mzee wa watu asingelalamika. Shida ni kwamba mama huyu akipanda gari lao la nyumbani, mume ndiye dereva, ule mguu haujui kama kazi imekwisha. Kona ikija, unakanyaga sakafu. Kuku akikatiza, unakanyaga. Kapeti ya upande wake imetoboka hadi bati linaonekana. Wala hajawahi kusinzia garini, hata safari iwe ya kutwa nzima. Mume akimbembeleza afumbe macho kidogo, hujibu kwamba atapumzika wakifika.

Sasa mtu wa namna hiyo anapotangaza mezani, watu wanakula, kwamba anataka kwenda uwanja wa mbio kuendesha pikipiki, mlitegemea nini? Binti yake alicheka hadi akatoka nje. Mumewe hakucheka. Alimwekea kiganja kwenye paji la uso, aone kama ana homa.

Homa hakuwa nayo. Alikuwa na pikipiki, ile ya shule iliyostaafishwa, iliyoangushwa na wanafunzi mpaka tangi likawa mabonde matupu. Na alikuwa na hamu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwenda kasi bila kumwogopea mtoto wa mwenzake. Barabarani, alisema, nyuma ya kila gari lililoegeshwa kuna mtoto na mpira wake. Uwanjani hakuna mtoto, hakuna anayekuja kutoka mbele, wote mnaelekea upande mmoja.

"Nataka niijue hiyo raha kabla magoti hayajanikatalia," alimwambia mumewe. Mumewe akaona macho yake yamelowa, akaacha maswali.

Hakumkataza, lakini woga wake wote aliushonea kwenye nguo. Suti ya ngozi iliyopatikana ilikuwa ya mtumba, ya mtu mrefu kama mlingoti, ikabidi ikatwe. Fundi viatu akaitandaza kwenye meza yake ya kazi, akakata, akashona, na kila aliposhona alikumbuka kiungo kingine kinachoweza kuvunjika. Viwiko akavitia ngozi ya buti. Magoti akayafanya mara mbili. Makalio ndiyo usiseme. Mama Vioo alipoivaa hakuweza kukaa, akasimama sebuleni mikono imemtanuka, akaagiza nusu ya viraka itolewe. Ikatolewa robo.

Aliyemwalika uwanjani alikuwa Nesi. Huyu aliwahi kuwa mwanafunzi wake, tena yule wa kutajwa, maana aligonga geti la shule, likarekebishwa, akaligonga tena. Wenzake walimkatia tamaa, Mama Vioo akamng'ang'ania hadi akapata leseni. Siku hizi Nesi akitoka zamu hospitalini anapanda pikipiki, na kwenye siku za mazoezi ndiye anayeongoza kundi la wageni. Siku hizo si za mashindano. Hakuna kombe wala wa kwanza. Wanakuja watu wa kawaida, mwenye bucha, karani, mwalimu wa hesabu, wanapokezana kuzunguka lami kwa makundi, wakitoka hapo wanakunywa chai wanasimuliana kona.

Asubuhi kulikuwa na ukaguzi, na hapo ndipo jasho jembamba lilipoanza kumtoka. Desturi ya uwanja ni kwamba taa zinafunikwa kwa utepe na vioo vya pembeni vinafunguliwa na kuondolewa. Mama Vioo alidhani anataniwa. Mkaguzi akamweleza kwa upole kwamba humu ndani hakuna anayetazama nyuma, na kioo kikivunjika kinaacha vipande kwenye lami. Alibishana kidogo, kisha akavifungua kwa mkono wake mwenyewe, akabaki amevishika hajui aviweke wapi. Mumewe akavichukua, akatia kimoja mfuko huu wa koti na kingine mfuko ule, akaenda kusimama kwenye uzio na mifuko iliyovimba.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa kituko. Mama Vioo aliingia lamini, akaikaribia kona, akageuza kichwa kutazama nyuma, na kwa kuwa taa zimefunikwa, akanyoosha mkono mzima kuonyesha kwamba anakata. Jamani, kwa barabarani hiyo ni adabu njema. Kwa uwanjani, mkono ukiinuliwa maana yake nina matatizo, natoka. Waliokuwa nyuma wakafunga breki. Karani akaingia kwenye majani na kutokea upande wa pili na nyasi kwenye buti. Kona ya pili, mkono tena. Mpaka mzunguko unakwisha, kundi zima lilikuwa linatambaa nyuma yake kama msafara wa harusi, na Mama Vioo mwenyewe anashangaa mbona vijana wa leo wanaendesha polepole hivi.

Walicheka, mbavu nusura ziwavunjike, naye akacheka nao. Mzunguko wa pili mkono ulitulia, lakini shingo ilikataa. Kila aliposikia mlio nyuma, aligeuka. Na pikipiki haina ujanja, inafuata macho: ukitazama nyuma, yenyewe inajiendea. Kwenye kona ndefu ikamtoa nje ya lami, akapita majanini akirukaruka, akasimama hatua chache kabla ya ukuta wa matairi. Hakuanguka. Mwenye bucha aliyekuwa nyuma yake alimkosakosa.

Safari hii hakuna aliyecheka. Msimamizi wa uwanja alitaka arudishwe nyumbani saa hiyo hiyo, na asikaribishwe tena. Nesi akaenda kumsihi. Akarudi akachuchumaa mbele ya kiti cha mwalimu wake, ambaye alikuwa amekaa amejiinamia, kofia ngumu mapajani.

"Mwalimu, nimekuombea mzunguko mmoja wa mwisho," alisema. "Ukigeuka hata mara moja, nakutoa, na sitaweza kukurudisha. Aliye nyuma ndiye mwenye kazi ya kukuangalia. Wewe kazi yako iko mbele tu."

"Na asiponiangalia?"

"Utamwamini. Kama ulivyoniamini mimi, na geti nililivunja mara mbili."

Mama Vioo alitikisa kichwa. Hakuwa mtu wa kupokea sifa isiyo yake. "Sikukuamini hata kidogo," alisema. "Nilikuwa na breki yangu."

Nesi akasimama, akampa mkono wa kumwinua. "Basi leo huna."

Kwenye uzio, fundi viatu alimwona mkewe anapanda pikipiki tena, naye roho ikawa mkononi. Kisha, na hili alilikiri baadaye, aliona aibu, kwa sababu sehemu moja ya moyo wake ilitamani ageuke tu, atolewe, waende zao nyumbani.

Mama Vioo aliingia lamini shingo imekakamaa. Kona ya kwanza, kisogo kikamwasha kama kina siafu. Hakugeuka. Kona ya pili akasikia mlio unamkaribia, na mguu wa kulia, ambao kwenye pikipiki nao umekaa juu ya breki, ukajikaza tayari. Alikuwa anasema peke yake ndani ya kofia: mbele, mama, mbele. Mlio ukakua hadi ukajaa masikioni. Sasa atanigonga, akawaza. Hakugeuka. Mwenye bucha akampita kwa nafasi pana, taratibu, akamwachia lami yote aliyokuwa anaihitaji, akatangulia zake.

Yaani aliona. Mtu alikuwa nyuma, akamwona, akafanya kazi yake, bila kuambiwa vioo.

Kuna kitu kilimlegea kuanzia kisogoni hadi unyayoni. Aliuinua mguu kutoka kwenye breki, akafungua mafuta. Kapikipiki kale ka mabonde kakalia kama kanashangaa, halafu kakaenda, jamani, kakaenda. Upepo ukampiga kifuani. Kona ndefu, ile ile iliyomtoa, akaitazama mwisho wake, na pikipiki ikalala upande na kufuata macho kama ilivyoahidi. Mama Vioo alipiga kigelegele ndani ya kofia hadi kioo cha uso kikafanya ukungu. Akapiga kingine. Aliimba nyimbo za utotoni akachanganya maneno. Alimpita mumewe kwenye uzio bila hata kumtupia jicho, na mzee yule, aliyekuwa ametamani ageuke, akajikuta anapiga makofi peke yake, vioo vinagongana mifukoni.

Alipovua kofia uso wote ulikuwa machozi na jasho, na anacheka. Nesi alimkumbatia. Msimamizi akaja kusema tu kwamba siku nyingine awahi chai, huisha mapema, na kila mtu akaelewa maana yake. Mumewe akamlalamikia kwamba amempita kama hamjui.

"Sikukuona," alisema Mama Vioo, kwa fahari kubwa.

Pikipiki wakaifunga kwenye tela, mume akashika usukani. Mama Vioo alivua buti, akaanza kumsimulia ile kona ndefu, jinsi alivyoiingia, jinsi alivyoitazama, jinsi...

Alipofumbua macho, gari limesimama na injini imezimwa. Alikuwa amefunikwa koti la mumewe. Nje ni mlango wa nyumba yao, na jua limeshafika ukutani kwa jirani.

"Mbona tumesimama?"

"Tumefika. Zamani tu."

Aliketi wima. Aliuliza ni nani aliyeendesha, mume akasema ni yeye. Aliuliza vipi ile kona ya darajani, akaambiwa imepigwa. Aliuliza kama magari yalikuwa mengi, akaambiwa mengi, na malori ya mchanga juu yake. Alitazama chini. Mguu wake wa kulia haukuwa sakafuni. Ulikuwa umekunjwa juu ya kiti, na soksi yake, umelala.

"Kwa nini hukuniamsha?"

Fundi viatu alikuwa amekaa pale muda wote mikono yake ikiwa bado kwenye usukani, akiogopa hata kufungua mlango usije ukalia. Ndoa nzima hakuwahi kuendesha gari na mke wake amelala kando yake, na alikuwa na furaha asiyojua aianzie wapi.

"Ulikuwa umelala vizuri," alisema.

Mama Vioo alimtazama. Kisha akajivuta chini tena kwenye kiti, akalivuta koti hadi kidevuni.

"Basi washa," alisema, na macho ameshayafumba. "Tuzunguke tena kidogo."

Mumewe akawasha gari.