Noeli Baba Alipoomba Maji

Iko siku moja ya Noeli, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Umenitumia ujumbe toka Salamabila unaniuliza: watu arobaini wanakuja kwako sikukuu hii, upange kazie ngapi za chupa za bia na bidoni ngapi za lutuku. Nimekusikia. Lakini umeanza kumkamata mbuzi kwa mkia.

Mimi shule niliacha darasa la tatu, lakini kwa vinywaji hakuna wa kunifundisha. Nyumba hii ya matofali hapa Kasongo, bati zake na madirisha yake, vyote vimetoka kwenye mvuke wa lutuku, pombe kali niliyopika kwa mikono yangu, kwa mahindi na muhogo wa shamba langu. Sioni haya kusema. Sikuiba, sikuombaomba. Kwa hiyo unisome mpaka mwisho, usiruke mistari.

Mwaka ule tulikuwa tumeezeka bati mara ya kwanza. Mvua ikipiga usiku nilikuwa naamka tu nisikilize sauti yake. Nikasema: Noeli hii itakuwa kwangu, watu wajue Mwayuma ni nani.

Babu yako, baba yangu, alikuwa Mwislamu wa Kabambare, mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache. Nilipoolewa na baba yako, Mkristo, alinyamaza. Aliposikia kwamba napika lutuku, hakunyamaza tena. Alituma neno: maji ya nyumba ya Mwayuma sitayanywa. Na wewe unajua neno hilo kwetu lina uzito gani. Mtu akikataa maji yako, amekutoa katika watu wake. Ilikwenda miaka sita. Alikuwa anakuja Kasongo kuuza mchele, analala kwa watu wengine, na mimi nasikia amekwisha kuondoka. Nilizaa mara mbili, wewe ukiwa bado hujaja, bila yeye kubeba mtoto. Sokoni watu waliniona nacheka. Kicheko ni cha mdomo, mwanangu, moyo una habari zake.

Basi juma moja kabla ya Noeli, jirani yake akaniletea ujumbe: mzee anakuja sikukuu, anataka kuona wajukuu. Nilikaa chini palepale, na kuni zangu kichwani.

Nilipanga! Kuku na mbuzi nilimwomba jirani yetu Mwislamu awachinje kwa mkono wake, ili baba ale bila wasiwasi. Nilinunua sufuria mpya ambayo haijagusa kitu. Kwa nyama nilikuwa na akili. Kwa vinywaji akili ilinikimbia. Malofu ya mchikichi, mitungi miwili, yamegemwa asubuhi ileile. Bia, kazie mbili, zimeletwa kwa baiskeli kwenye matope. Lutuku, bidoni tatu, ile nyeupe kabisa, maana hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu: ukiimimina kwenye gilasi unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Na maji? Nani anapanga maji? Wifi yangu Odeta aliteka bidoni moja alfajiri, akaipanga pamoja na zile tatu nyuma ya jiko. Bidoni nne za manjano, zote zilizowahi kubeba mawese, zote sawa kama mapacha. Nilizipita mara ishirini siku ile. Sikuwaza kitu.

Baba alifika saa sita, matope mpaka magotini, anasukuma baiskeli. Nyumba ilikuwa imejaa, baba yako akampokea baiskeli. Mzee akasalimia mmoja mmoja. Akawabeba watoto, akawatazama meno kama mtu anayechagua mbegu. Akakaa. Halafu akasema, na sauti yake nikaitambua tangu utoto:

"Mwayuma, niletee maji ya kunywa."

Mama Feza, mama mkwe wangu, alipiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia. Wote walielewa. Na mimi? Nilikuwa nimeshika chupa, namiminia shefu wa mtaa bia, kichwa kimevimba kwa fahari. Badala ya kwenda mwenyewe, nikaita: "Odeta! Letea baba maji!"

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, kabla hata kikombe hakijajaa. Mzee ameomba kwa mtoto wake, mtoto anatuma mtu.

Baba akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akakileta mdomoni. Mkono ukasimama. Akakishusha polepole, akakiweka chini.

"Hii haiko maji."

Nikaiweka chini chupa ya shefu.

"Miaka sita nimekaa mbali," akasema. "Leo nimekuja kwa miguu yangu. Unanicheka mbele ya watu?"

Akanyoosha mkono kuchukua kofia yake. Mwanangu, nimeona mengi: nimekimbia vita na mtoto mgongoni, nimezika mume. Lakini mkono ule ukienda kwenye kofia, sijaona kitu kilichonitisha vile. Nilijua akiivaa hatarudi tena.

Mama Feza akasimama katikati. Alikuwa mzito, lakini siku ile aliruka kama msichana.

"Eh! Nani amempa mukwe dawa yangu ya mugongo? Lete hapa!" Akakiokota kikombe, akakinywa chote, akafuta mdomo. "Mukwe, kaa chini. Kama huyu mutoto wako angetaka kukunywesha lutuku, hangekupa ya bure. Huyu? Mimi mama wa bwana yake, ananilipisha!"

Watu wakacheka, wengine mpaka machozi. Hata shefu. Baba hakucheka, lakini mkono ulirudi kwenye goti. Nami nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, si matusi. Ni ujinga wangu. Bidoni zinafanana."

"Sawa. Maji iko wapi?"

Nikakimbia nyuma ya jiko. Bidoni ya maji ilikuwa tupu, wapishi waliimaliza kwa wali. Vikombe vyote vilinuka malofu. Nikarudi mikono mitupu.

"Baba, maji hakuna."

Akanitazama, akatazama bati, akatazama mitungi.

"Watu wote hawa, nyumba ya bati, pombe inamwagika, maji hakuna? Mwayuma, sikukuja kupigana na pombe yako. Kila mutu na kaburi yake. Lakini umewaza koo ya kila mutu hapa. Koo ya baba yako umeisahau."

Nikainamisha kichwa. Mimi ambaye sokoni hakuna mtu aliyewahi kunishinda kwa mdomo.

Halafu akasema maneno matatu ambayo yamenilea kuliko shule yoyote: "Nenda kisimani. Nitangoja."

Nilichukua ile sufuria mpya, kikombe nikakisugua kwa majivu, nikateremka kisimani na kitenge changu cha Noeli, pekupeku, utelezi wa mvua chini. Odeta alitaka kunipokea mzigo, nikamkatalia. Nilipanda kile kilima nikijiuliza kila hatua: bado yuko? Watu wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Nami nilikuwa naomba Mungu haya yangu yawe yamemwagika nusu tu.

Alikuwepo. Watoto wote wawili walikuwa wamelala kwenye mapaja yake, kofia iko kichwani kwa mkubwa. Nikapiga magoti, nikaonja kwanza mimi, nikampa. Akanywa. Hakuacha hata tone. Akavuta pumzi.

"Maji yako ni baridi," akasema. "Sasa lete wali, nina njaa."

Mwanangu, umewahi kubeba muhogo toka shamba la mbali, ukafika, mtu akakutua? Kwanza shingo haiamini. Ndivyo nilivyokuwa. Nilikwenda nyuma ya jiko nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Baba alilala kwetu siku nne. Alirudi kila mwaka mpaka alipofariki. Lutuku yangu hakuisifu hata siku moja, na mimi sikuacha kuipika. Tulipendana hivyohivyo.

Sasa nikujibu swali lako. Usianze na kazie. Anza na majina. Kaa na mke wako, taja kila mtu anayekuja: huyu anakunywa, huyu hanywi, huyu alikuwa anakunywa akaacha, huyo umsaidie asiione pombe. Baba wa mke wako hanywi, basi uanze na yeye. Maji na sukre, soda hizo tamu, viwe vingi kuliko pombe, viwekwe ndani, kwenye vyombo na vikombe vyao. Pombe ikae mbali nao, na kila bidoni uifunge kitambaa chekundu shingoni. Mwenye kumimina awe mmoja, na awe mtu asiyekunywa. Ukimweka binamu yako yule, saa tisa utakuta amemaliza yeye. Bia ifunguliwe mbele ya mgeni. Lutuku usinunue kwa mtu usiyemjua. Matone ya kwanza ya mtambo humwagwa, na wako watu wasiomwaga, hao huua. Watu wale chakula kwanza. Pombe ikiingia kwenye tumbo tupu, inakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba.

Asiyekunywa asilazimishwe wala asichekwe. Aliyekuja na moto, pikipiki yake, akilewa, ufunguo uuchukue wewe, umtandikie mkeka. Akutukane leo, atakushukuru kesho. Barabara ya Salamabila haina huruma hata kwa aliye mzima. Tena pombe ikipungua, usitume kuongeza. Sikukuu iliyokwisha watu wakiitamani ni bora kuliko ile waliyoichoka.

Na mtu akikuomba kitu wewe kwa jina lako, inuka mwenyewe. Hata kama umeshika chupa ya shefu. Shefu atangoja.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba yako na wa babu yako akupe mkono mwepesi wa kutoa na jicho la kuona aliyekaa kimya. Akupe nyumba ambayo watu wanaingia wakiimba, na wanatoka wakitembea kwa miguu yao wenyewe.