Askari Bila Kichwa Juu ya Kabati

Nilirudi kutoka kazini adhuhuri, jua la Garissa likichoma mpaka ndani ya viatu, nikamkuta askari wangu amesimama juu ya kabati la vyombo sebuleni. Hana kichwa.

Nilishika fremu ya mlango. Askari yule hakuwahi kukanyaga sebule. Makazi yake yalikuwa boksi la viatu chini ya kitanda changu, amefunikwa na kitambaa, na hakuna mgeni aliyewahi kumwona. Sasa alikuwa pale wazi, mahali ambapo kila anayekuja kunywa chai angemtazama. Na shingo haikuwa imevunjika kwa kuanguka. Waya niliouweka ndani yake kama uti wa mgongo ulikuwa umekatwa kwa koleo, mkato mmoja, ncha yake inameta.

Niseme askari huyo alikuwa nani. Alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yangu, aliyejiunga na jeshi na kupelekwa mpakani, upande wa Rhamu. Majirani tumewaambia anafanya kazi ya barabara. Akija likizo hupanda basi akiwa na macawis, shuka ya kiume ya kwetu, kiunoni na kandambili miguuni, utadhani mchungaji anayerudi kutoka mnadani, na simu yake haina picha hata moja ya gwanda. Basi likisimamishwa na watu wabaya huko porini, simu ndiyo wanayoitaka kwanza. Mara moja tu alinitumia picha aliyojipiga akiwa na sare kamili, akaniomba nikishaiona niifute. Niliifuta, lakini si siku ileile. Nilikwisha kuanza kumfinyanga.

Kazi yangu ni ya ofisi ya mifugo, chanjo za ng'ombe na ngamia. Kufinyanga ni starehe tu. Natumia udongo wa plastiki, ule laini unaokauka ukiokwa, nao hapa kwetu hauuzwi, mpaka niutoe Nairobi. Safari ya kwanza nilisimamishwa nao kizuizini kabla ya daraja la Tana. Ofisa alikibonyeza kipande kwa ncha ya kalamu, akarudi nyuma kama aliyegusa bomu.

"Madam, hii ni nini?"

"Udongo wa kufinyangia watu wadogo."

"Watu wadogo?" Alinitazama kutoka buibui mpaka viatu. "Na wewe mtu mzima hivi?"

Mdomo wangu haujui breki. Nilimwambia nitamfinyanga na yeye pia, ila nahofia tumbo lake litamaliza udongo wote. Niliketishwa juani mpaka mkubwa wake alipokuja, akasikia kisa, akacheka, akaniachilia.

Udongo wenyewe hukaa ndani ya friji kando ya maziwa ya ngamia, maana kwa joto letu ukiuacha mezani unaanza kuwa mgumu kabla hujaugusa. Namfunga mtu wangu mifupa ya waya, namjaza mwili kwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula, iliyofinywa, kisha naweka udongo juu. Vidole na pua natengeneza kwa kijiti cha meno. Ule ukwaruzo wa kitambaa cha gwanda naupata kwa mswaki wa mti uliotafunwa ncha, nagonga taratibu, unatoka kama nguo kweli. Oveni sina. Naoka kwenye sufuria lenye mchanga juu ya jiko la makaa, vile keki zinavyookwa mtaani kwetu. Askari wa kwanza alitoka mweusi kama chapati iliyosahauliwa. Wa tatu ndiye aliyetoka mdogo wangu, urefu wa kiganja, kidevu juu, na kovu lake kwenye nyusi. Nilipomaliza nilijipongeza kwa sauti, peke yangu.

Mama alimwona siku ileile. Kwetu mama humwita mtoto wake hooyo, na mtoto humwita mama vivyo hivyo.

"Hooyo," aliniambia, "malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye sanamu."

Alisema mara hiyo moja, akageuza uso. Hakuwahi kumtaja tena. Nami nikatafuta boksi la viatu, kwa sababu sikuwa na moyo wa kumtupa.

Basi siku ile ya shingo iliyokatwa, kichwa changu kilikwenda moja kwa moja mpakani. Nilijua kabisa: kuna aliyeingia. Kuna aliyejua mtoto wetu hafanyi kazi ya barabara yoyote, na ametuachia ujumbe. Nilimpigia simu mdogo wangu. Mteja uliyempigia hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena, yule mwanamke wa kwenye simu akanijibu kwa upole uleule, nikamtukana. Nilifunga mlango kwa komeo, nikachukua mwiko wa ugali, ndiyo, mwiko, nikasimama katikati ya sebule na mwiko wangu mkononi.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama aliingia kutoka zizini, ndala zake zimejaa mavi ya mbuzi.

"Mbona umefunga komeo mchana? Na huo mwiko ni wa nini?"

"Hooyo, nani ameingia humu ndani?"

Alifuata macho yangu mpaka juu ya kabati. Kisha akavua ndala, akazipanga vizuri kando ya mlango, kama mtu anayejipa muda.

"Hakuna aliyeingia," alisema. "Ni mimi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama yangu ambaye hata kuku hamchinji, anamwita jirani. Hasira ilinipanda kabla akili haijafika.

"Umemkata kichwa mwanao!"

"Nyamaza!" Alinifunika mdomo kwa kiganja chake, kinanuka maziwa na vumbi. "Usilitamke neno hilo. Usilitamke tena ndani ya nyumba hii."

Aliketi kwenye mkeka akanivuta chini, akaanza kunieleza bila kunitazama. Kila usiku anamwombea mtoto wake. Anawataka malaika ndani ya nyumba, waisikie dua ikiwa mbichi. Na chini ya kitanda changu kuna sanamu inayowazuia mlangoni. Sanamu ya nani? Ya huyohuyo anayeombewa.

"Ningeichoma moto," alisema. "Mara mbili niliipeleka mpaka jikoni. Nikashindwa. Ingekuwaje nimtie motoni?"

Akaenda kwa sheikh. Asiweze kusema habari ya askari, alidanganya kwamba ni mwanasesere wa mjukuu. Sheikh akamwambia kitu kikiondolewa kichwa si sanamu tena, ni kama mti tu, kinaweza kukaa nyumbani. Mama akarudi, akatafuta koleo ya kufungia waya za ua wa zizi, akasoma Ayatul Kursi, akafumba macho.

"Sasa anaweza kukaa na sisi," alisema. "Sebuleni, si chini ya kitanda kama mwizi."

Mimi niliyedhani hampendi yule askari! Nilitaka kulia na kugomba kwa wakati mmoja, lakini kilichonitoka kilikuwa swali.

"Na kichwa umekitupa wapi?"

"Nikitupe?" Alinitazama kama nimepotewa na akili. "Njoo."

Nilimfuata zizini. Kwenye nguzo ya kona, chini ya kipande cha bati, kulikuwa na mkebe wa maziwa ya unga. Aliufungua. Ndani, juu ya pamba, alikuwamo mdogo wangu, kichwa kikubwa kama tende, ananikodolea macho. Nilirudi nyuma nikamkanyaga mbuzi.

Zizi si nyumba, alinieleza. Malaika waingie ndani wanavyotaka, na yeye mama akimtamani mtoto anatoka nje. Ndiyo maana siku hizi alikuwa kila saa kwa mbuzi! Mbuzi wanne, wawili hawana hata maziwa, na mama anatoka alfajiri, anatoka baada ya adhuhuri, anatoka magharibi. Nilikuwa nikimtania kwamba kuna beberu amemroga.

"Kovu umeliweka pabaya," alisema.

"Hapana, hooyo. Nililitoa kwenye picha."

"Picha ndiyo iliyodanganya. Kovu liko kulia. Mimi ndiye niliyelibana kwa vidole hivi, likiwa bado jeraha, kutoka Balambala mpaka hospitali."

Picha ya kujipiga, bila shaka, hugeuza uso kama kioo. Nimekula sinia moja na yule mtoto miaka yote, na sikuona. Mama, aliyegeuza uso siku ya kwanza, ndiye aliyeona.

Simu yangu ikalia. Alikuwa yeye. Mtandao ulipotea, alisema, mbona nimepiga mara nyingi hivyo, kuna nini? Mama alininyang'anya simu. Hakumsalimia.

"Gusa nyusi yako ya kulia. Kovu liko?"

Nilisikia kicheko chake kutoka mbali, kinakatikakatika.

"Liko, hooyo. Litaenda wapi?"

"Alhamdulillah," alisema mama, na mkono wake wa pili ulikuwa umefunga kile kichwa ndani ya ngumi. Alipokata simu alinikabidhi kichwa. "Umesikia mwenyewe. Rekebisha."

Nilileta wembe, kijiti na kipande cha udongo kutoka kwenye friji. Nilitaka kukiingiza kichwa ndani nifanyie kazi mezani, kwenye feni. Mama alisimama mlangoni akanizuia kwa mkono.

"Hakipiti hapa," alisema. "Kitaingia siku mwenyewe atakapokuja nacho juu ya mabega yake."

Nikarudi zizini, nikaketi juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, nikaanza kukwangua kovu la kushoto, mbuzi mmoja akitafuna pindo la buibui langu.