Siku Niliyoifunga Simu ya Mama

Kuna aibu ambazo zinapungua makali kadiri unavyozeeka, ila hii yangu ya ukumbini Tunduma bado inanikamata hata nikiwa bafuni peke yangu, najikuta nimesema "dah" kwa sauti, mke wangu anauliza kuna nini, namjibu hakuna kitu, kumbe nimeiona tena ile simu ikiniuliza nataka kutumia lugha gani. (Mtaelewa tukifika huko, msinikimbize.)

Kwanza mjue kazi yangu ni usalama wa kompyuta. Natafuta matundu kwenye mifumo ya watu kabla wezi hawajayaona, na nyumbani Dar rafu imejaa vitabu vya teknolojia na jamii, namna simu zinavyotujua kuliko mashemeji zetu, namna makampuni yanavyorundika maisha ya watu kwenye maghala yao. Ukikaa nami meza moja lazima nikuulize paswedi yako ina herufi ngapi. Ni ugonjwa, nakubali.

Ugonjwa wenyewe nilianza kuupata kwetu Mpemba, karibu na Tunduma, kwenye kibanda cha baba cha kutengeneza redio, pembeni mwa lami, pale malori yanapopanga foleni kwenda mpakani. Nakikumbuka kile kibanda mpaka harufu, waya wa kuchomelea ukiyeyuka, vumbi, chai ya tangawizi, na madereva wakibishana mpira kwa Kiswahili na Kibemba kwa pamoja na wote wanaelewana. Baba alinipa bisibisi hata shule sijaanza. Siku moja nikaifungua redio ya mteja iliyokuwa inaimba vizuri kabisa, nilitaka kuona sauti inakaa wapi, na kuanzia siku hiyo ile redio haikuimba tena. Baba hakunipiga. Alicheka mpaka akakaa chini, na kila mteja aliyekuja akawa anaambiwa, "Huyu Yoramu ana kipaji, anatengeneza visivyoharibika." Nilikuwa nachukia sana akisema hivyo. Sasa hivi natamani hata mtu mwingine aniambie.

Baba alifariki miaka miwili kabla ya mkasa huu. Alipojua haponi, alichukua simu ya mama akarekodi maneno ya kumuaga mdogo wangu Neema, yapigwe ukumbini siku ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, maana alijua yeye hatakuwepo. Neema hakutakiwa kuyasikia wala kujua kama yapo. Mimi mama alinionjesha mwanzo tu, baba akakohoa, akasema "Neema, mwanangu," nikamrudishia mama simu yake. Sikuweza kuendelea.

Basi siku ya sendofu ikakaribia, nikafika nyumbani jana yake, nauliza simu iko wapi, naambiwa iko kwa jirani. Jirani anamulikia tochi, anatafuta kuku wake aliyelala nje. Namba ya siri ni moja mbili tatu nne, na anaijua jirani, anaijua kwaya nzima, anaijua na mama wa mboga, kwa sababu bando likimwishia anakuja kuomba kwa mama. Na mama mwenyewe ni mtu wa kusambaza, sala ikiingia anaisambaza, picha ya mchuzi wake anaisambaza.

"Mama, humu kuna sauti ya baba, na mlango uko wazi namna hii?"

"Mlango ukiwa wazi ndiyo watu wanaingia kusalimia," akanijibu huku anachambua mchele.

Ningekubali pale pale nikala nikalala, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini mtaalamu nikakaa kwenye kochi la marehemu nikaanza kazi. Nikabadilisha namba ya siri, nikaweka sentensi ndefu ya maneno yasiyohusiana, nikamkaririsha mama mpaka akaiweza (au akaniambia ameiweza ili nimwache apike). Nikazima ile huduma ya kuhifadhi vitu mtandaoni, maana yale makampuni nimeyasoma. Nikafuta makundi ya kwaya na uchafu wake wote. Sikuchukua nakala kwenye simu yangu, kwa sababu nafundisha watu kila siku kwamba nakala ya siri ni mlango wa pili. Halafu nikamalizia kwa kuweka mtego, mtu akikosea paswedi mara kumi, simu ijifute yenyewe. Nikalala usingizi mzito, nimemlinda baba.

Kesho yake ukumbi umejaa, upepo wa Tunduma unapiga mabati, Neema amekaa mbele na shela lake, mimi niko meza ya nyuma na Mzee Shabani, mwenye duka la vipuri, rafiki wa baba tangu mzee huyo alipohamia huku kutoka Tanga. Nilikuwa namweleza kwa kirefu kwamba siri ikishajulikana na watu wawili hiyo si siri tena. Mzee anakula pilau yake, anatikisa kichwa. MC akatangaza kuna zawadi maalumu kwa bibi harusi, mama akiwa anakimbilia kubadilisha kitenge akampa simu, na nilimsikia kwa masikio yangu kwenye kipaza sauti, "Namba ni ile ile."

MC akapiga moja mbili tatu nne. Ikakataa. Akapiga tena. Jirani wa kuku akainuka, "Lete, mimi naijua." Kiongozi wa kwaya akasema labda hubonyezi vizuri. Ikamwambia asubiri kidogo, MC akaweka wimbo watu wacheze, wimbo ukaisha wakaendelea. Simu inazunguka, kila mtu anaijua namba na kila mtu anaomba ajaribu. Mimi nimeganda na kijiko mkononi, nahesabu.

Nilikimbia. Katikati ya ukumbi kulikuwa na mstari wa akina mama wanakuja na zawadi wakicheza, nikapita katikati yao kama ng'ombe aliyekata kamba, beseni la vyombo likaenda huku, mto wa kochi ukaenda kule, na MC, Mungu amsamehe, akatangaza, "Kaka wa bibi harusi ameshindwa kujizuia kwa furaha," wakapiga vigelegele. Nilipoishika ile simu kioo kilikuwa cheupe. Kimeandika karibu. Chagua lugha.

Mama akarudi na kitenge kipya, akaniangalia usoni, akajua. Nikapewa kipaza sauti, na sikuwa na njia nyingine. Nikasema, "Neema, baba alikuachia sauti yake humu. Mimi niliifunga ili isipotee. Imefutika." Neema alikuwa hajui chochote, kwa hiyo ndani ya dakika moja nilimpa baba nikamnyang'anya. Niliuona uso wa mdogo wangu pale na sitaki kuuona tena ukiwa vile.

Ndipo Shangazi Eneless, dada yake baba anayekaa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akainuka taratibu na pochi yake. "Awe, hapana, Yoramu, usitulize bure. Mimi ninayo. Mama yako alinitumia wiki ile ile baba yako aliyorekodi."

"Na mimi ninayo," akasema Mzee Shabani kutoka nyuma, mdomo bado una pilau. Jirani anayo. Kwaya wanayo wote. Mama wa mboga alikuwa tayari ameiweka sikioni anahakikisha. Karibu nusu ya ukumbi walikuwa nayo kwa miaka miwili, wanakutana na Neema sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji, na hakuna hata mmoja aliyemdokezea. Mimi na vitabu vyangu vyote sijawahi kuona siri iliyotunzwa namna ile.

"Uliniambia siri ya wawili," Mzee Shabani akaninong'oneza nilipopita. "Mganga hajigangi."

Wakaweka simu ya shangazi, yenye kioo kilichopasuka, mbele ya kipaza sauti. Baba akakohoa. Akamwambia Neema ya kwake, ambayo nitayaacha kwa Neema, na ukumbi wote ukalia. Halafu nyuma yake lori likapiga honi, nikajua alirekodia kibandani, na baba akavuta pumzi akamalizia, "Na kaka yako Yoramu mwambieni asiiguse hii simu. Haijaharibika."

Watu walicheka mpaka meza zikatikisika, Neema anacheka na machozi yanamtoka, na mimi nimesimama mbele ya ukumbi mzima nalia kwa sauti kama mtoto aliyeua redio ya watu.

Simu ya mama imerudi kwenye moja mbili tatu nne, na nasikia yule kuku bado analala nje. Nikienda Mpemba ile simu naisalimia kwa mbali. Nimeapa sitaigusa, na safari hii nimeambiwa na baba mwenyewe.